Papa wa Katuba, siku 180 si zako

Papa mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, ameniandikia barua ndefu. Naifupisha. Ana miaka 56. Kwa miaka 14 na miezi kidogo alisimamia parki ya malori katika kampuni inayobeba mizigo kati ya hapa na Kasumbalesa. Tarehe 14 mwezi wa tano mwaka jana alipewa barua: nafasi yake imeondolewa kwa ajili ya "réorganisation du service", yaani kupanga upya idara. Wiki tatu baadaye nafasi ileile ikashikwa na kijana wa miaka 28, ambaye papa huyu ndiye aliyemfundisha kazi. Na siku chache kabla ya barua, mkubwa mpya alikuwa amesema mbele ya mafundi wa gereji: "Sasa tunataka bavijana, bazee bapumuzike kwabo", yaani wazee wapumzike kwao. Papa alisaini dekonti finali (hesabu ya mwisho ya pesa zake), akalipwa preavi (malipo ya notisi) ya mwezi mmoja. Mshahara wa mwezi wa tatu na wa nne haujalipwa hadi leo. Mpwa wake anayeishi Marekani amemwambia kwamba malalamiko ya kubaguliwa kwa ajili ya umri yanafungwa baada ya siku 180. Swali lake ni moja: nimechelewa?

Jambo yenu, Papa.

Kwa kufukuzwa kwenyewe hujachelewa, nafasi bado ni kubwa. Kinachoniogopesha ni ile mishahara miwili uliyoitaja mwishoni kabisa, kama mtu anayekumbuka kitu akiwa ameshafika mlangoni. Ule wa mwezi wa tatu umebakiza siku chache tu kabla haujafa kisheria. Nitaeleza yote, lakini kama leo huna nafasi ya kusoma hadi mwisho, weka simu chini, andika malalamiko na uyapeleke kwa Inspection du Travail, ofisi ya ukaguzi wa kazi, wiki hii. Mengine utayasoma ukirudi.

Mpwa wako hakudanganya, alichanganya nchi. Marekani wana sheria ya mwaka 1967 inayokataza kubagua mfanyakazi kwa ajili ya umri. Inamlinda mtu kuanzia miaka 40, na inawafunga waajiri wenye wafanyakazi 20 au zaidi. Mlalamikaji wa huko anapaswa kupeleka malalamiko kwa idara ya serikali kuu inayoitwa EEOC ndani ya siku 180. Zinakuwa 300 kama jimbo lake lina sheria yake ya kukataza ubaguzi wa umri na idara yake ya kuisimamia. Tena siku hizo zinahesabiwa tangu siku mtu alipoambiwa uamuzi, hata kama aliendelea kufanya kazi miezi mingine baadaye. Mahakama yao Kuu ililisema hilo mwaka 1980, na watu bado wanaanguka hapo. Nimechukua kalenda nikakuhesabia kwa kujifurahisha tu: siku yako ya 180 ingekuwa tarehe 10 mwezi wa kumi na moja, na leo, tarehe 9 mwezi wa tatu, ni siku ya 299. Katika jimbo lenye siku 300 ungekuwa umebaki na kesho peke yake. Lakini sheria ile haikufikii. Hata kampuni ya Kimarekani ikifungua tawi hapa kwetu, sheria ile inamlinda raia wa Marekani anayefanya kazi humo, si mwana wa Katuba.

Kitabu chetu ni Code du Travail, sheria ya kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 mwezi wa kumi mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016. Kifungu cha kushika ni cha 317. Kinasema madai yanayotoka katika mkataba wa kazi yanakufa baada ya miaka 3 tangu tukio lililoyazaa. Halafu kinatoa mambo mawili nje ya kanuni hiyo. Kudai mshahara ni mwaka 1 tangu siku ulipopaswa kulipwa. Kudai gharama za safari na usafiri ni miaka 2 tangu mkataba ulipokwisha; hilo halikuhusu, wewe uliajiriwa hapahapa na ulikuwa unalala kwako.

Basi una saa mbili ukutani na hazitembei sawa. Ile ya kufukuzwa ilianza tarehe 14 mwezi wa tano mwaka jana na ina miaka 3. Ile ya mishahara ina mwaka 1, na kila mwezi una saa yake. Mshahara wa mwezi wa tatu ulipaswa kutoka mwezi ulipokwisha. Hesabu tarehe 31, usijiongezee hata siku moja ya huruma. Kutoka leo zimebaki siku 22. Wa mwezi wa nne unafuata mwezi mmoja nyuma yake.

Kuna pesa nyingine ambayo hukuiuliza. Kifungu cha 64 kinasema mwajiri anayevunja mkataba usio na kikomo anatoa preavi ya siku 14 za kazi, na juu yake siku 7 za kazi kwa kila mwaka mzima. Miaka 14 mara 7 ni 98. Ongeza zile 14, unapata siku 112 za kazi. Ukichukua siku 26 za kazi kwa mwezi, hiyo ni miezi 4 na kidogo. Wao walikulipa mmoja. Na hicho ni kiwango cha chini. Convention collective (makubaliano ya waajiri na sendika) inaweza kuwa imekipandisha, hasa kama uliandikwa agent de maîtrise (msimamizi wa ngazi ya kati), na msimamizi wa parki mara nyingi anaandikwa hivyo. Tazama fishi yako ya mshahara (ile karatasi ya malipo), pale penye kategoria. Avoka (wakili) wa kampuni, kama anaijua kazi yake, atasema preavi ni mshahara na kwa hiyo ina mwaka 1 tu. Mimi ningemjibu kwamba ni haki inayozaliwa na kuvunjwa kwa mkataba, ina miaka 3. Lakini mbona tushindane bure? Ukiidai kabla ya tarehe 14 mwezi wa tano mwaka huu, hoja yake inakosa pa kusimama.

Sasa, saa hizi zinakatwa kwa njia gani? Sheria imezitaja njia na ikafunga mlango: kumshtaki mwajiri mahakamani, hesabu iliyoandikwa kati yenu ikionyesha salio ambalo hajakulipa, barua ya rekomande kwa mwajiri yenye uthibitisho kwamba ameipokea, au malalamiko mbele ya mkaguzi wa kazi, yule tunayemwita inspecteur. Simu haimo. WhatsApp haimo. Kwenda getini kila Ijumaa kumwamkia mtu wa mishahara, hata ukienda na mashahidi kumi, haimo.

Nalisema hili kwa uchungu. Niliwahi kupokea dereva aliyekuwa anadai mishahara mitatu. Mtu wa ofisi ya mishahara ya kampuni yake alikuwa anamjibu kila mara, kwa heshima zote: "Papa, patience, sosiete inapita katika magumu." Ujumbe wote alikuwa nao kwenye simu, ameutunza vizuri kama risiti. Ulikuwa umekwenda miezi 13. Mbele ya jaji upande wa pili haukubisha hata kidogo kwamba alikuwa anadai. Walisema neno moja tu, kwamba mwaka umepita, na pesa ikaenda. Tangu hapo, mtu akiniambia "wananijibu vizuri", namuuliza kwanza tarehe.

Kati ya njia hizo nne, kwako nachagua inspecteur, kwa sababu hata hivyo huwezi kumkwepa. Kifungu cha 298 kinasema mgogoro wa mtu mmoja na mwajiri wake haupokelewi na Tribunal du Travail, mahakama ya kazi, kama haujapita kwanza kwenye usuluhishi mbele ya inspecteur wa eneo. Wapo wanaoruka hatua hii kwa haraka au kwa ushauri wa ndugu anayejua "mtu wa tribunal". Kesi yao inarudishwa bila kuguswa kiini chake, na miezi imekwisha kupotea. Wewe pita kwa inspecteur: malalamiko yako yanapopokelewa kwake, prescription, yaani ile saa ya kufa kwa madai, inakatika siku hiyohiyo, kwa mishahara na kwa kufukuzwa pamoja. Kukatika maana yake saa inarudi sifuri, haisimami tu mahali ilipofika.

Lakini kuna mtego ndani yake, na ndio unaoua kesi nyingi kuliko ule wa kwanza. Inspecteur atawaita nyote wawili. Mkielewana, anaandika PV (procès-verbal, karatasi rasmi ya kikao) ya conciliation, na hiyo inaweza kutiwa nguvu ya kutekelezwa kama hukumu. Msipoelewana anaandika PV ya non-conciliation. Mwajiri asipofika, anaandika PV ya carence, ya kutofika, na njia ya mahakama inafunguka vilevile. Kule kukatika kwa saa kunabaki halali kwa sharti kwamba, usuluhishi ukishindikana, upeleke kesi tribunal ndani ya miezi 12 tangu ulipoipokea PV. Ukiiweka PV kabatini pamoja na vyeti vya ubatizo, ukasema umeshashtaki, miezi 12 ikapita, ile kinga inaondoka na unahesabiwa kama mtu ambaye hakwenda popote. Kwako, mishahara ingekuwa imekufa zamani.

Kuhusu mlango wa mahakama sitakaa sana. Tribunaux du Travail ziliundwa na sheria namba 016/2002, ya siku ileile ya Code. Mahali ambapo haijawekwa, Tribunal de Grande Instance ndiyo inashika kesi za kazi. Wasomaji wa miji mingine waulize kwenye greffe (ofisi ya karani wa mahakama) ya kwao kabla ya kuandika anwani juu ya karatasi.

Umri wenyewe sasa, maana najua ndio unaokuuma kuliko pesa. Mtu akusikie unaitwa mzee mbele ya vijana uliowafundisha kufunga matairi!

Nitakuambia ukweli ambao hautakufurahisha mara moja. Kifungu cha 62 cha Code kilipotoka mwaka 2002 kilitaja sababu ambazo si halali kumfukuzia mtu: sendika, kuwa mjumbe wa wafanyakazi, kumlalamikia mwajiri, rangi, jinsia, ndoa, majukumu ya familia, mimba, dini, siasa, asili, kabila. Neno umri halikuwemo. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 36, inakataza mtu kuumizwa kazini kwa ajili ya asili yake, jinsia, maoni, imani au hali yake ya maisha. Umri nao hautajwi kwa jina. Maavoka wa kampuni wanaipenda sana nafasi hii. Wanasimama, wanasoma orodha polepole hadi mwisho, wanakaa.

Wanachoruka ni mambo mawili. Orodha ile inaanza na neno "notamment", yaani ni mifano, haijafungwa. Na kabla ya orodha, kifungu chenyewe kimeshasema sababu halali ni zipi: uwezo wa mfanyakazi au mwenendo wake kazini, au mahitaji ya uendeshaji wa kampuni. Kuwa na miaka 56 si mwenendo. Si ukosefu wa uwezo pia, mpaka mtu aonyeshe kazi iliyokushinda. Tena nchi yetu iliridhia mwaka 1987 mkataba namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, unaodai sababu halali kwa kila kufukuza, na kwa kifungu cha 215 cha Katiba mkataba wa namna hiyo uko juu ya sheria za kawaida. Pendekezo namba 166 la mwaka 1982, linaloandamana na mkataba huo, linataja umri waziwazi kuwa si sababu halali, ila linaacha nafasi kwa kanuni za kila nchi za kustaafu. Pendekezo halimfungi jaji, lakini linampa pa kuegemea.

Kwa hiyo mimi kesi yako nisingeijenga juu ya neno umri. Ningeijenga juu ya neno "réorganisation". Kifungu cha 76 kinamlazimisha mwajiri aandike sababu waziwazi katika barua ya kukuachisha. Aliandika. Sasa abaki nayo. Alisema nafasi imeondolewa, na wiki tatu baadaye nafasi ina mtu, kiti kilekile, funguo zilezile za parki. Sababu aliyoiandika imeanguka yenyewe, na mwajiri aliyekosa sababu halali ameshindwa, hata kama hakuna aliyetamka neno mzee. Yale maneno ya gerejini yanakuja baadaye, kumweleza jaji kwa nini barua ilidanganya. Umri ni kitoweo, Papa. Bukari, ugali wenyewe, ni ile barua. Watu wengi wanapeleka kitoweo kitupu, halafu wanashangaa jaji hashibi.

Ushahidi wa bukari ni rahisi kuliko ule wa kitoweo. Mafundi walimsikia mkubwa, lakini bado wanakula kwake, na simlaumu mtu mwenye watoto shuleni akisahau. Waombe kwa upole, mmojammoja, usimpe mtu yeyote majina yao kabla hawajakubali. Karatasi haina woga. Umesema una rafiki dereva aliyebaki na nakala yake ya bon de sortie (karatasi ya kuruhusu lori kutoka) ya mwezi wa sita: lori, namba, saa, na chini, juu ya cheo kilichokuwa chako, sahihi ya kijana yule. Karatasi hiyo moja, ndogo kama kiganja, ina uzito kuliko mafundi watano. Nakala ya dereva ni ya dereva, akupe kwa hiari yake. Usimtume mtu kuchomoa mafaili ofisini. Utakuwa umewapa kesi ya pili, ya kwao.

Ukishinda, kifungu cha 63 kinaanza na kurudishwa kazini. Isipowezekana, na mara nyingi haiwezekani kwa sababu hakuna anayetaka kumwona mwenzake tena, tribunal inapanga fidia. Haivuki miezi 36 ya mshahara wako wa mwisho. Hicho ni kikomo cha juu, si bei, na atakayekuahidi miezi 36 kabla hajasoma faili lako mwombe akuandikie. Jaji anaangalia aina ya kazi, miaka uliyotumika, haki ulizokuwa umezipata, na umri wako. Ndiyo, neno lilelile ambalo orodha ya 2002 ililisahau limeandikwa hapa. Mtu wa miaka 56 hapati kazi nyingine kwa urahisi wa mtu wa 28, na sheria inamruhusu jaji kulihesabu hilo upande wako.

Kuhusu dekonti uliyosaini: ulikiri kupokea pesa zilizoandikwa pale, na mshahara wa mwezi wa tatu haukuandikwa. Niletee nakala tuisome neno kwa neno. Kesi yako ingekuwa na mlima mwingine kabisa kama ungekuwa umesaini kwamba unaondoka kwa hiari yako. Mji huu unaujua mlima huo: zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, waliondoka kuanzia mwaka 2003 kwa ile ODV, mpango wa kuondoka kwa hiari, na wengi walikaa miaka wakidai nyongeza. Wewe hukuondoka, uliondolewa, na una barua. Siku nyingine ukiwekewa karatasi ya namna hiyo mbele, andika kwa mkono wako juu ya sahihi: "sous réserve de tous mes droits", yaani nabaki na haki zangu zote. Wakikukataza kuandika hivyo, hiyo nayo ni habari.

Na yule atakayekuambia kwamba hata hivyo ulikuwa umekaribia pension, mjibu kwamba CNSS, mfuko wa taifa wa pension, tangu sheria ya mwaka 2016, inahesabu miaka 60, kwa mwanaume na kwa mwanamke. Pita kwao ukiwa mjini, uulize kama michango yako yote ya miaka 14 ilifika. Wengi wanagundua mashimo wakiwa na miaka 59.

Sasa karatasi yenyewe. Ukurasa mmoja unatosha. Andika tarehe uliyoanza kazi, tarehe 14 mwezi wa tano, sababu iliyo kwenye barua, na nani anafanya kazi ile leo. Halafu dai kila kitu kwa jina lake, kila kimoja kwenye mstari wake: mshahara wa mwezi wa tatu, mshahara wa mwezi wa nne, salio la preavi, fidia kwa kuvunjwa kwa mkataba bila sababu halali. Usiandike "na haki zangu zote" ukadhani umetaja mishahara. Jaji anatafuta neno mshahara. Piga nakala mbili pale kwenye mashini za fotokopi kando ya la Poste. Ofisini waachie moja, na juu ya ile yako wagonge muhuri, waandike tarehe, waweke sahihi. Kama mwenye muhuri ametoka kula, keti umngoje. Usikubali "acha tu, papa, tutakupigia", kwa maana siku ya tarehe 31 ni muhuri ule utakaosema ulifika lini.

Ukipata PV, niandikie tena. Unitajie tarehe uliyoipokea mkononi na kusaini kwenye kitabu chao, usinipe ile iliyochapwa juu yake.